Jina Lililosubiri Homa

Siku niliyostaafu, wenzangu wa wadi ya watoto walinipa saa kubwa ya ukutani. Sijui ni nani aliyeamua kwamba mtu akishaachana na kazi ndipo anapohitaji kujua ni saa ngapi, lakini nilishukuru, na nimeitundika sebuleni, ambako inakimbia mbele kidogo kama daktari mwanafunzi. Zawadi nyingine ililetwa na familia moja ya Uthiru. Ilikuwa kipimajoto cha zamani, kile cha zebaki, kimefungwa uzi mwekundu shingoni. Daktari mmoja kijana alikigeuza mkononi akaniuliza betri inaingilia wapi. Nikamwambia atulie, nitamwandikia. Basi haya ni yake, na ya wenzake.

Nilifika katika hospitali yetu pale Upper Hill mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, daktari wa watoto mpya kabisa, koti bado lina mikunjo ya dukani. Aliyenipokea ni Daktari Makokha, mzee wa Bungoma, mrefu, mpole, mwenye mikono iliyokuwa na joto hata kwenye baridi ya Julai. Asubuhi ya kwanza aliniamuru niweke stethoskopu yangu kwenye droo na nizunguke wadi nzima nikisalimia watoto kwa majina. Nilidhani ananidharau. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimejua ni nani anayelia kwa maumivu na ni nani anayelia kwa sababu jirani yake ameletewa ndizi. Hilo hakuna mashine iliyowahi kunifundisha.

Nilichagua ugonjwa wa ini kwa sababu yeye alikuwa ameuchagua. Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na maabara iliyofanya kazi vizuri umeme ukitaka, na Makokha alikuwa na kalamu yake ya wino wa buluu. Akishalipapasa tumbo la mtoto, alichora mstari mahali ukingo wa ini ulipoishia. Kesho yake alipapasa tena, akachora tena. Mstari ukipanda haraka ilhali mtoto anazidi kusinzia, hilo si ini linalopona, ni ini linalonywea. Wazazi wengi walidhani tunaandika hesabu kwenye matumbo ya watoto wao. Nimeitumia kalamu hiyo mpaka mwaka wangu wa mwisho, na vijana wenye mashine za picha huwa wananichungulia kwa huruma.

Nyokabi aliletwa kwetu akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Baba yake, Kamau, aliuza vipuri vya magari katikati ya jiji. Mama yake, Wanjiru, alikuwa amewahi kuuza pamoja naye dukani, lakini sasa alikaa nyumbani Uthiru na mtoto. Kilichoanza ni mafua ya kawaida. Homa ikapanda, mtoto akatapika, kisha akaanza kulala usingizi ambao mama yake hakuupenda. Damu tulipoitoa haikutaka kuganda. Vimeng'enya vya ini, vile vinavyomwagika kwenye damu seli za ini zikifa, vilikuwa juu kiasi kwamba mtu wa maabara alirudia kipimo mara ya pili kabla ya kutuletea. Tulimwekea dripu ya glukosi, tukampa vitamini K, tukakaa naye. Tuliogopa sana. Halafu, kama mtu aliyekuwa safarini, akarudi. Siku chache baadaye alikuwa anaomba chapati, na baada ya wiki kadhaa vipimo vyake vilikuwa kama vya mtoto yeyote.

Tulisema ni virusi. Ukiwa daktari utaona kwamba neno virusi lina kazi nyingi, na mojawapo ni kuficha aibu ya kutojua.

Miezi ilipita, akarudishwa na hali ileile. Homa, kutapika, usingizi, damu isiyoganda. Akapona tena. Mara ya tatu ilipotokea hatukuweza kusema virusi tena kwa uso mkavu. Tulikuwa tumepima homa za ini zote tulizoweza kupima. Tulitafuta ugonjwa wa shaba kujaa mwilini, tukatafuta ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe. Hakuna kitu. Katikati ya safari hizo za kuelekea kaburini mtoto alikuwa mzima kabisa, mnene, mtundu, anavuta dripu za wenzake.

Hapo ndipo wadi ilipoanza kumtazama mama. Ninyi wenyewe mnajua wadi inavyotazama. Mtoto anaugua akiwa nyumbani na kupona akiwa hospitalini, basi nyumbani kuna kitu. Wengine walisema ni dawa za kienyeji, wengine walisema mama anazidisha dawa ya homa. Wanjiru aliulizwa mara nyingi sana, na kila mara alijibu kwa sauti ileile ya chini kwamba anampa kijiko kimoja kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Afisa wa ustawi wa jamii akaanza mipango ya kumwondoa Nyokabi kwa wazazi wake na kumpeleka katika makao ya watoto mpaka uchunguzi ukamilike. Kikao kilipangwa Ijumaa. Afisa yule hakuwa mtu mbaya. Aliona mtoto anayekaribia kufa mara tatu, akataka asifike mara ya nne, na alichokosea ni mlango tu.

Makokha hakukubali wala hakukataa. Alikuwa na maswali yake matatu aliyotufundisha sote: amekula nini, amelala wapi, na ni nani mwingine. Mawili ya kwanza tulikuwa tumeyauliza mpaka yakachakaa. La tatu lilikuwa limejibiwa tangu siku ya kwanza. Kila aliyemuuliza Wanjiru ana watoto wangapi aliambiwa mmoja, Nyokabi, na tukaandika hivyo, tukaendelea.

Siku mbili kabla ya kikao, Wanjiru alikwenda nyumbani kuoga na kubadilisha nguo. Nilipopita kitandani nikamkuta bibi mmoja mwenye kitambaa cha kichwa cha kijani anamnywesha mtoto uji kwa kijiko. Nikamsalimia kwa Kikuyu, lugha yetu sote wawili, akafurahi. Akaniambia yeye ndiye mama yake Kamau, ametoka Limuru, na kwamba hawa wasichana wa siku hizi hawajui kupoza uji. Nikamuuliza jina lake ili nimwite kwa heshima.

“Mimi ni Wangari,” akasema.

Nikamshukuru, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Nilikuwa nimeshika tumbo la mtoto wa watu, kalamu mkononi, nilipohisi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, kama mtu aliyevaa shati upande wa ndani nje.

Kwa wasiotoka kwetu, niwaeleze. Sisi hatukai tukatafuta jina la mtoto, jina linamsubiri. Msichana wa kwanza anaitwa kwa jina la mama wa baba yake. Wa pili ndiye anayechukua jina la mama wa mama yake. Na jina hilo si la kukumbukia tu. Bibi akimwona mjukuu mwenye jina lake humwita mimi, na husema mimi nimeanza kutembea, mimi nimeota meno. Kamau na Wanjiru walikuwa wamefunga ndoa kanisani, na wazee walikuwa wamekaa na kula pamoja kama inavyotakiwa. Kwa hivyo msichana wao wa kwanza alipaswa kuwa Wangari. Kama si jina la bibi huyu, basi Nyokabi ni jina la upande wa mama. Nyokabi ni jina la msichana wa pili.

Nusu ya wauguzi wa wadi walikuwa Wakikuyu kama mimi, na tulikuwa tumeliita jina la mtoto yule kwa karibu mwaka mzima. Kitu ukikizoea sana hukioni. Makokha, ambaye kwao majina hutolewa kwa njia nyingine kabisa, hangeweza kujua.

Nilirudi. Nikavuta kiti, nikakaa, nikangoja mtoto amalize uji. Kisha nikauliza polepole.

“Shosho, na Wangari mdogo yuko wapi?”

Aliweka kijiko ndani ya kikombe. Hakuuliza nimejuaje. Akasema walimzika Limuru. Alikuwa amekaa kidogo tu duniani, alikuwa hata hajaanza kuongea vizuri. Mama yake alikuwa anashinda dukani mjini, kwa hivyo mtoto aliachwa kwa bibi huko Limuru. Akashikwa na homa, bibi akampa maji ya mwarobaini kama alivyowapa watoto wake wote, na kabla ya Jumapili macho yakawa ya manjano na mtoto akalala asiamke.

“Huyu mwingine alipozaliwa wakataka kumpa jina langu,” akasema. “Nikakataa. Nikawaambia jina lipumzike. Mtu hazikwi mara mbili.”

Nilimshika mkono, na sina haya kusema nililia. Halafu nikaenda kumtafuta Makokha mbio, jambo ambalo alikuwa amelikataza wadini.

Wanjiru aliporudi nilimchukua kando na kumwambia ninajua. Nilitarajia hasira au machozi. Alikunja kanga yake vizuri kwanza. “Daktari, mliniuliza niko na watoto wangapi,” akasema. “Niko na mmoja. Hakuna mtu aliniuliza nimezaa wangapi.” Alisema kweli. Tangu siku ile sijawahi kumuuliza mzazi ana watoto wangapi na kuishia hapo. Ninamuuliza amezaa wangapi, kisha ninanyamaza kwa muda mrefu kidogo. Kama hamtakumbuka lolote katika kurasa hizi, kumbukeni kule kunyamaza.

Tuliwaita wote kwenye chumba kidogo cha ofisi, Kamau akiwa ametoka dukani na grisi kwenye kucha. Makokha alichora nyuma ya bahasha ya eksirei, mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke, kama alivyotufundisha. Alichora duara mbili chini, akaijaza moja wino, ile ya aliyezikwa. Akawauliza wale wanawake, mmoja baada ya mwingine, yale waliyowapa watoto. Mmoja maji ya mwarobaini, mwingine dawa ya chupa. Nyumba mbili, majiko mawili, dawa mbili, na watoto wakaugua vilevile. Kitu pekee walichoshiriki ni wazazi na homa.

“Kwa hivyo haiko jikoni,” Makokha akasema. “Iko ndani yao. Baba ametoa nusu, mama ametoa nusu, na hakuna hata mmoja aliyejua anayo. Nusu moja haimdhuru mtu. Mkizikutanisha ndipo ini linashindwa na joto la homa.”

Bibi alikuwa amekaza macho kwenye ile bahasha. “Si maji yangu?” akauliza.

“Si maji yako, mama.”

Wanjiru akamgeukia mkwe wake. Tangu msiba ule hakuwa amemruhusu Nyokabi alale Limuru hata usiku mmoja, na hakuwa amesema kwa nini. “Miaka hii yote nilidhani ni wewe,” akasema.

“Na mimi, hawa waliposema kuna sumu, nikadhani ni wewe,” bibi akajibu.

Kamau alitoka nje akasimama kwenye korido akiwa ametugeuzia mgongo. Sisi madaktari tukaipata haraka sababu ya kwenda kuangalia dripu. Ijumaa afisa wa ustawi alikuja kikaoni, akamsikiliza Makokha mpaka mwisho, akafunga faili, kisha akaenda kitandani kumwomba Wanjiru msamaha kwa mdomo wake mwenyewe. Nimewaona wakubwa wengi katika kazi hii, na si wengi wanaojua kutembea umbali ule.

Hatukuwa na jina la ugonjwa wenyewe. Niruke mbele kidogo hapa ili nisirudi tena. Jina lilikuja katika muongo uliofuata, wataalamu wa nje walipotambua jeni kadhaa zinazofanya hivyo, na damu ya Nyokabi ikapimwa kwa msaada wa rafiki aliyekuwa akisoma ng'ambo. Ni jeni moja inayoitwa NBAS. Inatengeneza protini inayosaidia kusafirisha mizigo ndani ya seli. Protini ikiwa na kasoro, hujikongoja na kufanya kazi yake siku za kawaida, lakini mwili ukipata joto hulegea, na seli za ini ndizo zinazoumia kwanza. Mashambulizi hupungua mtoto anavyokua. Nilipoyasoma majibu hayo nilimpigia Makokha simu huko Bungoma, alikokuwa amestaafu na kufuga kuku. Akasema, basi ile bahasha haikukosea sana.

Lakini wakati ule tulikuwa na bahasha tu, na kutoka kwayo tulitengeneza matibabu. Adui ni joto na njaa. Kwa hivyo homa isisubiriwe ipande. Mtoto avuliwe nguo nzito, apewe dawa ya homa kwa kipimo chake sahihi, ile ile dawa tuliyokuwa tukiishuku, anyweshwe uji wenye sukari, na aletwe hospitali siku hiyohiyo awekewe glukosi kabla ini halijaanza kulalamika. Makokha alimnunulia Wanjiru kipimajoto. Wanjiru akakifunga uzi mwekundu na kukitundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kugongana nacho.

Mpango ulijaribiwa msimu wa mvua, Waiyaki Way ikiwa imegeuka mto na magari yamesimama kutoka Kangemi. Kamau alimbeba mtoto mgongoni sehemu ya njia, mama akifuata na mwavuli. Walipofika, daktari mwanafunzi aliyekuwa zamu alimtazama mtoto anayecheka na kuimba, akawaambia ni mafua tu, warudi nyumbani.

“Daktari,” Wanjiru akamwambia, “mafua ya huyu ni ini. Weka dripu, halafu upige simu, utaambiwa.”

Akaweka, akapiga, akaambiwa. Vimeng'enya vilipanda kidogo, vikasita, vikashuka. Kesho yake Nyokabi alikuwa amesimama kitandani akimwamuru muuguzi amletee ndizi. Nilikaa kwenye chumba cha chai nikamshukuru Mungu kwa sauti, na mhudumu wa chai akaitikia amina bila kuuliza.

Baadaye Wanjiru alikuja kliniki peke yake, akakaa, akaniambia ana mimba. Alitaka kujua. Nilimweleza kwamba katika kila mimba, kati ya bahati nne moja ni mbaya, na kwamba mimba haina kumbukumbu, haijui yaliyotokea kabla yake. Wakati ule hatukuwa na kipimo cha kumpima mtoto. Akaniuliza watajuaje. Nikamwambia ukweli, kwamba tutajua atakapopata homa yake ya kwanza.

Alizaliwa msichana. Jina la mama wa baba lilikuwa bado linapumzika, na kila mtu katika familia alilitazama lilipolala bila mtu kuthubutu kuligusa. Bibi alisema mtoto apate homa kwanza. Hata ubatizo ukasogezwa, na mchungaji, nasikia, hakupendezwa. Nyumbani wakamwita Kairitu, yaani kasichana tu, na hospitalini alikuwa Mtoto wa Wanjiru. Makokha alikuwa amekwisha kwenda kwao, lakini kila tulipoongea kwa simu aliniuliza kama Kairitu amepata homa. Nadhani sisi ndio madaktari wawili pekee Kenya nzima tuliokuwa tunamsubiri mtoto augue.

Alikataa kuugua. Akakaa, akatambaa, akaota meno kwa ukaidi bila hata kutokwa na kamasi. Kisha asubuhi moja ya mwezi wa Julai, bibi akaingia mlangoni na mtoto kifuani, kile kipimajoto chenye uzi mwekundu kikining'inia kwenye kidole chake. Wanjiru alikuwa nyuma, amemshika Nyokabi mkono. Kamau alikuwa amefunga duka.

Tulimwekea dripu kwa tahadhari. Nikalipapasa tumbo lake, nikachora mstari wa buluu. Damu ya kwanza ikarudi safi, lakini hiyo haikuwa na maana, kwa sababu ini la dada zake nalo halikuanguka papo hapo. Kesho nikapapasa tena. Mstari wangu mpya ulikaa juu ya ule wa jana. Damu ilikuwa safi. Siku iliyofuata homa ilikuwa imekwisha, damu ilikuwa safi bado, na Kairitu alikuwa na mafua, mafua matupu ya kawaida, ya kupenga kamasi kwenye blauzi ya daktari. Nilimwambia Wanjiru kwa maneno mengi sana, nikijichanganya, kwa furaha. Alikaa chini sakafuni, akaegemea ukuta, na Nyokabi akamkalia mapajani.

Bibi hakukaa. Alikwenda kwenye sinki akanawa mikono yake kwa sabuni, taratibu, mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayejiandaa kupokea mtoto mchanga. Akaikausha kwa leso yake. Kisha akaja mpaka nilipokuwa nimemshika mtoto, akanyoosha mikono.

“Haya, Daktari,” akasema. “Nipe mimi mwenyewe, nijipeleke nyumbani.”